Malisho ya Wote Mahakamani (Sehemu ya 2): Ng'ombe wa Epping

Wiki iliyopita tuliona namna Sheria ya Merton ya karne ya 13 ilivyomruhusu kabaila wa Uingereza kuzungushia uzio ardhi ya malisho, mradi awaachie wenye haki nyasi za kuwatosha. Sasa tuulize: hao wenye haki walikuwa akina nani?

Majaji walilijibu swali hilo mwaka 1607, katika kesi ya Gateward iliyotoka Lincolnshire. Mshtakiwa alijitetea kwamba wakazi wa kijiji chake wamechunga pale tangu zamani, naye ni mkazi kama wao. Utetezi huo ulikataliwa. Mkazi, walisema majaji, leo yupo na kesho amehama. Haki iliyoshikiliwa na ukazi mtupu haina mwenyewe wa kuirithisha wala wa kuiachilia. Haki ya kuchunga hufuata shamba. Hata idadi ya mifugo ilipimwa kwa shamba: ulipeleka malishoni wanyama wale tu ambao mazao ya shamba lako yangeweza kuwalisha majira ya baridi. Kwa hiyo mpangaji wa chumba mjini, hata kama babu yake alichunga palepale, hakuwa na la kudai.

Hukumu hiyo ndiyo iliyowapa makabaila nguvu katika msitu wa Epping, kaskazini-mashariki ya London. Zamani ulikuwa msitu wa mfalme wa kuwindia, na ili paa wake wapite bila kizuizi, nyua zilikatazwa. Ng'ombe nao wakanufaika na katazo hilo. Lakini kufikia miaka ya 1860 London ilikuwa inapanuka na bei ya viwanja inapanda, nao wamiliki wakaanza kujikatia. Huko Loughton, kasisi wa parokia ndiye aliyekuwa pia mmiliki, naye alizungushia uzio zaidi ya ekari 1,000.

Mzee Thomas Willingale wa Loughton alikataa kuitambua mipaka hiyo. Kila majira ya baridi watu wa pale walikuwa na desturi ya kupogoa matawi ya miti kwa kuni, naye akaendelea kupogoa. Mwaka 1866 watu wa ukoo wake walifungwa jela kwa kosa hilo. Akafungua kesi akisaidiwa na Chama cha Kuhifadhi Malisho ya Umma kilichoanzishwa mwaka 1865, lakini alifariki mwaka 1870, na kesi yake ikafa naye. Huyu mzee namheshimu kuliko wote tutakaowataja leo.

Wokovu ulitoka mahali pasipotarajiwa. Katika miaka ya 1850 Halmashauri ya Jiji la London ilikuwa imenunua ardhi huko Aldersbrook, pembezoni mwa msitu, ili kuwazika wafu wa jiji. Ardhi hiyo ilikuwa shamba, na shamba lilikuja na haki yake ya kuchunga. Mawakili wa Jiji wakaona mlango. Agosti 1871 walishtaki makabaila wa msitu mzima, wakidai kwamba mwenye haki katika parokia moja ana haki kotekote, kwa kuwa tangu enzi za wafalme ng'ombe walitembea msituni bila kujali mpaka wa parokia. Ushahidi wao ulikuwa kumbukumbu za mahakama za kale za msitu, pamoja na alama za chuma cha moto walizopigwa ng'ombe wa kila parokia.

Tarehe 10 Novemba 1874 Jaji George Jessel aliwapa ushindi. Nyua zote zilizowekwa katika miaka 20 kabla ya kesi kufunguliwa zilitangazwa haramu. Sheria ya mwaka 1878 ikaukabidhi msitu kwa Jiji, ubaki wazi daima, na haki ya kuchunga ikabaki. Haki ya kupogoa ndiyo iliyofutwa. Watu wa Loughton walilipwa fidia ya pauni 7,000, na sehemu kubwa ya fedha hizo ikajenga ukumbi uitwao Lopping Hall, uliofunguliwa mwaka 1884.

Nafurahia ushindi huo, ila siwezi kuuita haki kamili. Sheria ya 1607 haikuguswa. Mahakama haikusema kwamba maskini wa Loughton walikuwa na haki. Ilisema tu kwamba Halmashauri tajiri, yenye shamba la makaburi, ilikuwa nayo. Kama Jiji lingenunua kiwanja cha maziko upande mwingine wa London, sioni nani angeweza kubeba gharama za kesi ile.

Wiki ijayo tutakuja nyumbani, kwenye kesi ya mwaka 1913 ambamo Wamaasai, wakiongozwa na Ole Njogo, walidai malisho yao ya Laikipia mbele ya majaji waliosomea sheria hiihii ya Uingereza. Wao hawakuulizwa kuhusu shamba. Waliambiwa kwamba mikataba yao na Waingereza ilikuwa ya dola kwa dola, hivyo mahakama haikuwa na mamlaka ya kuisikiliza.