Trisikli ya umeme: batri isilale na njaa



Mihogo ikishachimbuliwa, siku mbili ao tatu tu inaanza kuwa na mistari myeusi ndani, na bei inaanguka. Ndiyo maana pikipiki ya magurudumu matatu ya umeme, trisikli, inaweza kusaidia sana ushirika wa huku kwetu Lweba: haiombi mafuta, na inapeleka magunia sokoni Baraka. Lakini batri ikikufa njiani, magunia yanabaki pembeni ya barabara, na faida ya msimu inaishia kwenye batri mpya.

Batri inakufa namna gani? Trisikli nyingi za bei nafuu zinatumia batri za risasi, kama zile za gari, za volti 12 kila moja, nne ao tano zikiunganishwa. Ndani kuna mabamba ya risasi na maji ya asidi. Batri ikitumika, unga wa salfati unashika kwenye mabamba. Mkichaji mapema, unga unaondoka. Mkiiacha tupu siku nyingi, unga unakuwa mgumu kama chokaa, na nguvu hairudi tena. Basi batri nyingi haziuawi na kazi, zinauawa na kulala tupu. Kwenye ushirika jambo hili ni rahisi kutokea: leo anaendesha huyu, kesho yule, kila mtu anafikiri mwenzake atachaji.

Fanyeni hivi:

1. Chajini kila siku baada ya kazi, hata kama mlitembea kidogo. Ngojeni kwanza batri ipoe. Batri iliyojaa, ikipumzika masaa machache, inaonyesha karibu volti 12,7. Ikionyesha 12,2, imebaki nusu, msiipeleke tena mbali. Fundi wa radio ana kipimo. Kama mnachaji kwa paneli za jua, pangeni siku za soko na siku za kuchaji.

2. Kwa batri zenye vifuniko, angalieni maji kila mwezi. Yafunike mabamba. Mkiona yameshuka mpaka mabamba yanaonekana, ongezeni kidogo yafunikwe, kisha chajini. Kujaza mpaka alama kunafanyika baada ya kuchaji. Tieni maji yaliyosafishwa ya batri tu. Ya ziwa ao ya kisima yana madini yanayoharibu. Msiongeze asidi. Chajini mahali penye hewa, mbali na moto na sigara, sababu batri inatoa gesi inayoweza kulipuka. Asidi ikigusa ngozi ao macho, osheni na maji mengi mara moja, kisha nendeni kituo cha afya. Batri iliyofungwa kabisa msiifungue.

3. Zimeni umeme, kisha angalieni vichwa vya waya. Ukiwepo unga wa kijani ao mweupe, safisheni, kausheni, kazeni, pakeni grisi.

4. Kila asubuhi pimeni upepo wa matairi na breki. Tairi laini linakula umeme bure. Mzigo usipite kilo alizoandika mtengenezaji.

5. Osheni kwa kitambaa chenye maji kidogo. Msivuke mto ambapo maji yanafika kwenye mota.

Trisikli isipokuwa na kazi, batri ya risasi ichajiwe ijae kila mwezi. Batri ya lithiamu ni tofauti: ikikaa muda mrefu, iachwe karibu nusu, kivulini, na itumie chaja yake yenyewe.

Kule Zimbabwe, eneo la Wedza, tangu 2019 vikundi vya wanawake wakulima wanatumia trisikli za umeme zinazoitwa Hamba, za Mobility for Africa. Batri ikiisha, dereva anairudisha kwenye kituo cha umeme wa jua na kuchukua iliyojaa. Kuchaji ni kazi ya kituo. Hapo ndipo somo lilipo kwetu.

Kwa mkutano unaokuja, chagueni mtu mmoja wa kutunza batri, na mwingine wa kumsaidia akiwa mgonjwa. Mpeni daftari: tarehe, nani aliendesha, volti wakati wa kurudi, saa ya kuchaji, siku ya kuongeza maji. Dereva asiporudisha trisikli mbele ya mtunzaji, safari yake haijaisha. Daftari ni bei ya karanga chache. Batri mnajua bei yake.