Kupandisha SQLAlchemy bila kupoteza kilo za mukulima



Kuna kazi moja yenye hawatufundishaka ku chuo kikuu, lakini wengi wetu tunaikuta mezani kisha kupata lisansi: kushika programu yenye mutu mwingine aliandika. Unaingia ku koperative ya kahawa ama ku shirika dogo, wanakuonyesha mashini moja, na ndani yake kuna programu ya Python yenye inaandika mavuno. Aliyeiandika alikwisha kwenda Goma ama Kampala, anajibu ku WhatsApp siku akipata nafasi. Neno alilokuachia ni moja tu: «Usiguse kitu, inatembea.»

Mimi ni mutu wa agronomia, si wa informatika. Lakini nimeshika programu za namna hiyo zaidi ya moja, na ile shauri ya «usiguse kitu» naona si nzuri. Kugusa ovyo nako ni kubaya zaidi. Nitaeleza kwa kutumia bibliyoteki moja tu, SQLAlchemy, juu njo yenye ninakutana nayo mara nyingi.

Inafanya nini? Hifadhidata iko na lugha yake, SQL. Python iko na yake. SQLAlchemy inasimama katikati kama mukalimani. Mike Bayer alitoa toleo lake la kwanza mwaka wa 2006. Faida yake ni kwamba unaandika programu na SQLite, yaani hifadhidata yenye kukaa ndani ya faili moja ku mashini yako, na siku koperative inakuwa kubwa unahamia PostgreSQL ku seva bila kuandika yote upya. Hata wewe mwenye hujawahi kuandika jina SQLAlchemy, labda uko nayo: pandas, yenye wengi tulitumia kupiga hesabu za kazi ya kumaliza masomo, inapitia kwake wakati inasoma meza kutoka PostgreSQL.

Sasa namba za matoleo. Ukiona 1.3.24, tazama sana namba mbili za kwanza. Ile ya tatu ikipanda, kwa kawaida ni makosa yametengenezwa, unaweza kupandisha bila woga mwingi. Lakini kutoka 1.3 kwenda 1.4, ama 1.4 kwenda 2.0, njo penye tabia ya bibliyoteki inabadilika. Toleo 1.4 lilitoka mwezi wa tatu 2021. Toleo 2.0 lilitoka tarehe 26 mwezi wa kwanza 2023. Kati yao kulikuwa karibu miaka mbili, na haikuwa bahati: 1.4 ilitengenezwa kwa makusudi iwe daraja. Nitarudi ku hiyo.

Ku koperative moja ya hapa kwetu, jina naliacha, mashini ya zamani iliungua siku courant ilirudi na nguvu. Disk ilipona, faili ya SQLite ikapona. Wakanunua mashini mpya. Kijana wa pale, mwenye bidii kabisa, akaweka Python mpya, kisha akaandika amri ya kuweka SQLAlchemy bila kutaja namba ya toleo. Ukifanya vile, pip inakupa toleo jipya kuliko yote. Programu iliandikwa kwa 1.3, mashini ikapata 2.0.

Programu ikakataa kufunguka. Ilisema Engine haina execute. Akatafuta ku intaneti, akapata jibu: fungua njia kwanza na engine.connect, kisha tuma amri kupitia hiyo njia. Akafanya. Ikakataa tena, safari hii juu ya maneno ya SQL yenyewe: 2.0 inataka uyafunge ndani ya text. Akayafunga. Kosa likaisha. Sekretere akaandika kilo za mukulima wa kwanza, sanduku likatokea ku ekra: «Imeandikwa.» Wote wakashangilia.

Siku tatu wakulima walileta kahawa, sekretere akaandika, sanduku likasema «Imeandikwa». Mangaribi ya siku ya tatu mwenye hesabu akataka ripoti ili atayarishe malipo. Hakuna hata kilo moja. Mustari wa mwisho ndani ya meza ulikuwa ule wa mashini ya zamani.

Hapa njo penye nataka tukae kidogo, juu makosa mawili ya kwanza hayakuwa hatari hata kidogo. Yalipiga kelele. Kosa lenye kupiga kelele linakupotezea asubuhi moja, basi. La tatu lilikuwa bubu.

Hifadhidata inafanya kazi kwa muamala. Fikiria keshia anaandika na kreyo, na chefu wake anakuja kuweka sahihi. Mbele ya sahihi, kila kitu kinaweza kufutwa. Ku hifadhidata, ile sahihi inaitwa «commit», na kufuta kunaitwa «rollback». Ku matoleo ya zamani, SQLAlchemy ilikuwa inakusaidia bila kuulizwa: ilitazama amri yako, ikiona INSERT, UPDATE ama DELETE, na wewe haukufungua muamala, iliweka sahihi yenyewe. Ku 2.0 huo msaada uliondolewa. Wewe mwenyewe useme «commit». Usiposema, wakati njia inafungwa, kila kitu kinafutwa, na hakuna onyo, juu kwa hifadhidata hakuna kosa: haukuweka sahihi, ikaelewa kwamba haukutaka.

Na kuna mtego ndani ya mtego. Ukijaribu kusoma mustari wako kupitia ile njia moja, mbele haijafungwa, unauona! Kreyo bado inasomeka. Kwa hiyo mutu anapima programu, anaona kilo zake, anafurahi. Anafunga, zinaenda.

Wengine watasema Bayer alifanya vibaya. Mimi naona alifanya vizuri. Chukua koperative yenyewe: unaandika kilo zenye mukulima ameleta, kisha unaandika deni lake. Hizo ni amri mbili. Ile sahihi ya kujiweka yenyewe iliwekwa baada ya kila amri, kwa hiyo courant ikikatika katikati, uko na kilo bila deni. Na hapa kwetu courant inakatika. Ukitumia engine.begin pahali pa engine.connect, amri zote mbili zinapata sahihi moja mwishoni, ama zote zinafutwa pamoja. Dawa ya programu ya koperative ilikuwa ile: neno moja kubadilishwa, pahali nne.

Kilo zilipatikana kwa sababu risiti ziliandikwa na kaboni, kopi ikabaki ku daftari. Sekretere na mwenye hesabu waliingiza upya, siku nzima. Kama si ile karatasi, sijui mukulima mwenye alishuka na kahawa yake mgongoni angeonyesha nini.

Sasa utauliza: kwa nini tusibaki tu ku 1.3, tuandike namba yake na kufunga mlango? Kwa muda mfupi, ndiyo, inawezekana. Lakini mlango haufungike kabisa. Mwaka wa 2019 kulionekana tundu ku usalama wa SQLAlchemy: toleo 1.2.17 na yale ya nyuma yake, hata majaribio ya kwanza ya 1.3, yaliruhusu mutu kupenyeza SQL yake kupitia order_by, ile sehemu yenye kupanga orodha. Kama programu yako inamuacha mutu achague mwenyewe kwa safu gani apange majina ya wakulima, na inapeleka neno lake vile liko, alikuwa anaweza kusoma vitu vyenye havimuhusu. Dawa ilitoka ku 1.2.18. Mwenye alikaa nyuma, alikaa na tundu.

Sababu ya pili ni majirani. pandas 2.2, ya mwezi wa kwanza 2024, haikubali tena SQLAlchemy ya chini ya 2.0. Ukipandisha pandas kwa ajili ya kazi nyingine ndani ya mashini ile ile, umevuta na SQLAlchemy. Na sababu ya tatu mumekwisha kuiona: mashini inaungua. Siku ya kuungua haichaguliwi na wewe.

Na hii si habari ya Python peke yake. DHIS2, programu ya Chuo Kikuu cha Oslo yenye zone zetu za afya zinatumia kupeleka ripoti, iliandikwa kwa Java, na mukalimani wake anaitwa Hibernate. OpenMRS vilevile, yenye ilianza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka wa 2006. Tofauti ni kwamba kule kuna timu yenye kupandisha matoleo. Ku koperative, timu ni wewe.

Basi tufanye namna gani? Wenye tulisoma kahawa tunajua: shamba likizeeka, haukate miti yote mwaka mmoja. Unafanya resepaji kwa mistari, unakata mistari michache karibu na udongo ili ichipuke, mingine inaendelea kuzaa, mwaka unaofuata unaendelea. Mwenye anakata yote anakosa mavuno, mwenye hakati kitu anavuna kidogo kidogo mpaka sifuri.

Ile resepaji ku SQLAlchemy njo toleo 1.4. Kutoka 1.3 usiruke moja kwa moja ku 2.0. Ndani ya requirements.txt andika sqlalchemy>=1.4,<2 na uweke. Programu nyingi za 1.3 zinatembea vilevile. Kitu kimoja chenye kinavunjika pale pale: kama anwani ya hifadhidata yako inaanza na postgres, ifanye postgresql, juu jina fupi liliondolewa ku 1.4. Kisha uambie mashini SQLALCHEMY_WARN_20=1 mbele ya kufungua programu. Kuanzia hapo, pahali pengi pa programu penye patavunjika ku 2.0 panatoa onyo, na onyo linakuonyesha mustari gani. Hata ile sahihi ya kujiweka yenyewe, yenye ku 2.0 inakuwa bubu, hapa inasema waziwazi. Ile koperative ingepita 1.4 siku moja tu, ingesoma tatizo lake kwa maneno.

Maonyo yanaweza kuwa makumi. Usiogope, mengi ni kitu kimoja kinarudiarudia. Tengeneza matano leo, matano kesho, koperative inaendelea kupima kahawa. Yakiisha, unaweka create_engine na future=True, yenye inaleta tabia ya 2.0 ukiwa bado ku 1.4. Ikitembea wiki moja, pandisha 2.0.

Na kila hatua, kopi kwanza. SQLite ni faili moja: funga programu, kopia faili ku flashi, andika tarehe. Kisha hesabu mistari. Mimi nafanyaka hivi: nahesabu mistari ya meza, naingiza mukulima wa uongo mwenye kilo 1, nafunga programu kabisa, nafungua upya, nahesabu tena. Lazima iongezeke 1. Kufunga njo kwenye maana, juu ya ule mtego wa kreyo. Ukitaka kuona kwa macho, weka echo=True ndani ya create_engine: ku ekra utasoma BEGIN, INSERT, na mwishoni COMMIT ama ROLLBACK. Ukisoma ROLLBACK, simama.

Inabaki shida ya mega. Kupakua pandas na wenzake ku kila mashini kwa rezo ya simu ni kuchoma pesa. Enda pahali penye intaneti nzuri, tumia pip download -d paketi -r requirements.txt, na vyote vinaingia ndani ya dosie inaitwa paketi. Ibebe ku flashi. Ku koperative, bila intaneti, andika pip install --no-index --find-links=paketi -r requirements.txt. Angalisho: mashini yenye unapakulia na ile yenye unapelekea ziwe na Windows ama Linux ya namna moja na Python ya namba moja, juu pandas iko na vipande vyenye vinatengenezwa kwa kila mashini mbalimbali. Na ndani ya requirements.txt andika namba kamili zenye ulipima, zile zenye pip freeze inakupa. Chapisha ile karatasi, ibandike ndani ya jalada la daftari la risiti, pamoja na tarehe na jina la mwenye alipandisha mara ya mwisho. Mashini mpya ikifika, kijana wa pale atafungua daftari mbele ya kufungua intaneti.