Kompyuta Nayo Huugua

Jumamosi moja mwaka jana alikuja ofisini kwetu binti mmoja pamoja na mama yake, wametoka Mlingotini kwa bodaboda, kuomba cheti cha ubatizo. Tangazo la ndoa lilikuwa lisomwe kesho yake. Nikachomeka flashi yenye majina ya wabatizwa, kazi yangu ya miezi minane. Majina hayakuwapo. Mahali pake palikuwa na vialama vyenye mshale mdogo, na kila nilichobofya hakikufunguka.

Mama akaniuliza, "Karani, mwanangu, maana yake binti yangu hakubatizwa?"

Alibatizwa, na jina lake tulilipata katika kitabu kikubwa cha kabatini baada ya kupekua saa nzima. Lakini niliona haya, maana kosa lilikuwa langu. Jana yake nilikuwa nimeipeleka flashi ile ile dukani kuchapisha nyimbo za kwaya.

Virusi vya kompyuta si vumbi wala si joto la pwani, kama wengine wanavyodhani. Ni programu, yaani maagizo yaliyoandikwa na mtu, yenye kujinakili yenyewe. Aina iliyotupata sisi haifuti mafaili, huyaficha tu, kisha huweka njia za mkato zenye majina yale yale. Ukibofya, umeiamsha. Huingia katika kompyuta, na kila flashi itakayochomekwa hapo huondoka nayo. Hivyo duka moja laweza kuambukiza mtaa mzima, na mwenye duka asijue.

Fundi wa kwanza alitaka kufuta flashi yote. Nashukuru nilikataa! Wa pili aliisafisha kwanza kompyuta, kisha flashi, ndipo akaiamuru ioneshe mafaili yaliyofichwa. Yalikuwamo yote.

Ugonjwa huu ni wa zamani. Mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistani, walitengeneza virusi vilivyoitwa Brain, navyo vikasafiri katika disketi, mkono kwa mkono, hata vikafika Marekani. Vingine havingoji mkono wa mtu. Tarehe 12 Mei 2017 ilizuka WannaCry, iliyopita katika mtandao, ikafunga mafaili na kudai dola 300 ili iyafungue. Hospitali za Uingereza zililazimika kuwarudisha wagonjwa. Nayo dawa ilikuwa imetolewa na Microsoft tangu Machi mwaka ule ule. Kompyuta nyingi zilizougua hazikuwa zimewekewa.

Kwa hiyo yule anayezuia Windows isijirekebishe kwa kuogopa bando kuisha, anabana matumizi mahali pabaya. Na ukinunua kompyuta iliyotumika, uliza ina Windows ipi, kwa kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 ina mlinzi wake ndani, aitwaye Defender, asiyedai hata senti. Ajabu ni kwamba watu humzima wenyewe, ili waweke programu za wizi walizopewa na rafiki. Mgeni anayetaka mbwa afungwe kwanza, mimi simfungulii mlango.

Nyumbani shida kubwa ni watoto na flashi za sinema. Kuwakataza sioni kama kunafaa, watachomeka ukiwa kazini. Afadhali kuwafundisha kuipima kwanza: bofya kitufe cha kulia juu ya jina la flashi, uchague kuikagua kwa Defender, usubiri. Na flashi ya dukani iwe ya dukani tu, isibebe kitu kingine ila kile cha kuchapishwa.

Kitabu kilichotuokoa nacho kina adui zake, mchwa na hewa ya chumvi, wala sisemi turudi kwenye karatasi peke yake. Majina sasa yamo katika kompyuta, na nakala katika diski ya pembeni. Diski hiyo huchomekwa kila Ijumaa jioni kwa dakika chache, kisha huchomolewa na kufungiwa kabatini pamoja na vitabu. Ufunguo anao Padre.