Unataka Seva ya Imeli Kwa Keja? Cheki Hii Rada Kabla Uzame

Ile laptopu mzee imelala chini ya kitanda, kioo imepasuka lakini mashine bado inadunda, inaweza kuwa seva yako ya imeli. Serious. Itoe vumbi, iwekee Debian ama Ubuntu, ichomeke kwa ruta na waya. Kupokea imeli nayo ni rahisi. Ngori iko kwa kutuma.

Kwanza ingia kwa ruta uangalie anwani ya IP imepewa upande wa nje. Ikianza na 10, ama ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, ujue mnashare anwani moja na majirani kibao. Hiyo inaitwa CGNAT. Ni kama ploti yenye keateka hajui jina ya mtu yeyote: barua ikifika geti, inaishia hapo. Itabidi uitishe kampuni yako ya intaneti IP ya peke yako, na mara mingi hiyo ni doh ya ziada.

Ukishapita hapo, nunua domeni, tuseme jinalako.co.ke, na kwa DNS yake uweke rekodi ya MX, ile inaambia dunia barua zako zipelekwe mashine gani. Kisha kwa laptopu:

sudo apt install postfix dovecot-imapd

Postfix ndio posta yenyewe, inapokea na kutuma. Dovecot inakufungulia sanduku usomee barua kwa simu. Ukiulizwa aina ya seva, chagua "Internet Site". Kwa ruta, elekeza poti 25 na 993 kwa laptopu. Cheti cha usalama unachukua bure kwa Let's Encrypt. Na tafadhali, kila mtu anayetuma kupitia seva yako awe na paswadi. Ukiacha mlango wazi, wasee wa spamu watahamia kwako.

Stima ikipotea je? Tulia. Seva inayokutumia barua haikati tamaa haraka. Postfix, kwa mfano, ikiachwa vile ilikuja, hujaribu tena na tena hadi siku 5. Stima ikirudi, barua zinaingia.

Sasa kutuma. Umemtumia mteja kotesheni ya kupiga picha za harusi. Kwako inaonyesha imeenda. Kwake iko ndani ya spamu, na hakuna mtu atakushtua. Wiki ijayo kazi imepewa msee mwingine, na wewe unadhani bei yako ndio ilikuwa juu.

Hii inatokea kwa sababu kompyuta za nyumbani zikishikwa na virusi hutumiwa kumwaga spamu, so Spamhaus huwa na orodha ya IP za aina hiyo ambazo hazifai kutuma barua moja kwa moja. Halafu kuna PTR, rekodi inayogeuza IP kuwa jina. Hiyo huwezi kuiweka mwenyewe, ni mwenye IP, yaani kampuni ya intaneti. Na tangu Februari 2024 Gmail wanataka kila anayewatumia barua awe na PTR iliyonyooka, pamoja na SPF ama DKIM. SPF inataja mashine zenye ruhusa kutumia jina lako. DKIM ni kama sahihi kwa kila barua.

Form yangu ni hii: pokea nyumbani, lakini tuma kupitia kampuni ya kupitisha imeli yenye IP safi. Kwa faili ya /etc/postfix/main.cf kuna laini ya relayhost. Hapo unaweka seva yao na poti 587, unaongeza jina na paswadi walizokupa, kisha unawataja kwa SPF yako na kuweka DKIM wanayokupa.

Kabla umtumie mteja kitu, jitumie barua kwa Gmail yako, bonyeza "Show original", na usisonge kama SPF na DKIM hazijaandikwa PASS.