Njaa na ugomvi safarini hupunguza bei ya ng'ombe

WAFANYABIASHARA wanaosafirisha ng'ombe kwa malori kutoka Shinyanga, Singida na Dodoma hadi mnada wa Pugu, Dar es Salaam, huhesabu gharama za mafuta, ushuru na vibali. Hasara inayotokea ndani ya mwili wa mnyama mara nyingi haihesabiwi.

Ng'ombe akikaa saa 24 bila malisho na maji anaweza kupungua uzito kwa asilimia 5 hadi 10. Kwa ng'ombe wa kilo 300, upungufu wa asilimia 7 ni kilo 21.

Sehemu kubwa ya kilo hizo za mwanzo ni mavi, mkojo na maji, hivyo hurudi mnyama akila na kunywa. Tumbo la kwanza la ng'ombe hubeba chakula kingi, na vijidudu vilivyomo huendelea kukichachusha hata safarini.

Akiba hiyo ikipungua, mwili huanza kutumia mafuta yake na hata nyama ya misuli. Kilo zinazopotea hapo ndizo zinazouzwa, nazo hazirudi kwa siku moja.

Njaa si tatizo pekee. Madume waliotoka mazizi tofauti wakichanganywa hupigana hadi ijulikane nani mkubwa. Wakati huo mwili hutoa homoni za adrenalini na kotisoli, na misuli humaliza haraka glaikojeni, yaani akiba yake ya sukari. Ng'ombe huchukua siku kadhaa kuirudisha, na zaidi ikiwa hajala.

Akichinjwa kabla ya hapo, tatizo huonekana buchani. Kwa kawaida glaikojeni hugeuka asidi ya laktiki baada ya kuchinja, na pH ya nyama hushuka kutoka karibu 7 hadi 5.5 hivi. Asidi hiyo huisaidia nyama kuwa nyekundu na kutooza haraka.

Glaikojeni ikiwa imekwisha, pH huweza kubaki juu ya 6. Nyama huwa nyeusi na kavu, huharibika upesi, na mteja hudhani ni ya ng'ombe mzee.

Kinga yake haihitaji mtaji mkubwa. Ng'ombe wanyweshwe maji hadi karibu na muda wa kupakiwa. Waliozoeana wapakiwe pamoja, na madume wageni au wenye pembe ndefu watengwe. Fimbo zipunguzwe, kwani kila kipigo huongeza hofu.

Wakifika, wapewe maji na majani makavu, wapumzike bila kuchanganywa na kundi jipya. Walioonekana kupigana wasiharakishwe machinjioni.

Gharama ya majani ya siku mbili tatu ipo, lakini ilinganishwe na bei ya kilo zinazopotea. Anayeuza nyama nyeusi humwachia mwenye bucha hasara, na safari ijayo mwenye bucha huyo atanunua kwingine.