Subira na Ufunguo wa Akiba

Aghalabu mtu asiyeweka akiba, au mgonjwa aachaye dawa kabla ya muda wake, huhukumiwa kuwa hana subira, na hukumu hiyo ikishapita hapana aulizaye zaidi. Kwa rai yangu hukumu hiyo ina dhuluma, kwani moyo wa binadamu kwa tabia yake huitukuza haja ya leo kuliko ya mwakani: chandarua kinunuliwacho leo humkinga mtoto na homa ambayo bado haijafika, ilhali uchungu wa fedha iliyotoka mkononi ni wa saa ile ile.

Wataalamu wawili, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, waliichungua habari hii miongoni mwa wanachama wa vyama vya upatu katika magharibi ya Kenya, wakatangaza matokeo yao mwaka 2013. Baadhi ya wanachama walipewa sanduku la chuma lenye kufuli, na ufunguo wakabaki nao wenyewe. Sanduku hilo tu, pasipo riba wala zawadi, liliongeza akiba yao ya afya kwa asilimia 66. Wengine walipewa sanduku kama hilo, lakini ufunguo ukashikwa na mtumishi wa utafiti mpaka kiasi walichokusudia kitimie, na kwa jumla hao hawakupata faida kama ile, maana fedha isiyofikika mtu akiugua ghafla ni fedha ya kuogopwa. Sanduku la kwanza liliwapa kitu adhimu: aliyeombwa mkopo na jamaa aliweza kujibu, bila ya kuvunja udugu, kwamba fedha ile imekwisha kupangiwa kazi. Vyama vilivyochanga mfuko wa pili, wa afya peke yake, vilifanikiwa mno.

Hali kadhalika katika kifua kikuu, ambacho kwa kawaida hutibiwa kwa miezi 6, kikohozi na homa hupungua mapema, na hapo mgonjwa hudhani amepona, akaacha dawa, na vijidudu vilivyosalia huweza kurudi vikiwa sugu. Mpango wa taifa wa Tanzania, ulioanza mwaka 1977 kwa msaada wa tabibu Karel Styblo, haukutosheka kumhimiza mgonjwa avumilie, bali ulimsimamia katika kumeza dawa na kumfuatilia hadi mwisho wa tiba; utaratibu huo baadaye ulienea duniani.

Basi enyi wenye vyama vya upatu, katika kikao kijacho tengeni mfuko wa afya, itajeni wazi kazi ya fedha yake, na ufunguo msiuweke mbali na mwenye kuuhitaji.