Kumwajiri Fundi wa Tovuti
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika shule yetu simu haziruhusiwi, wala si kusudi langu kumtamanisha mtu ile aliyoiacha nyumbani. Nataka kueleza jambo nililojifunza wakati wa likizo, nalo ni namna ya kumwajiri fundi wa kutengeneza tovuti. Naamini litawafaa wenzangu tutakaomaliza pamoja, na wazazi pia.

Kwetu Tanga vijana wa mtaani wana umoja wao wa kucheza mpira wa kwenye simu. Kila mmoja hukaa kwao, akashindana na mwenzake kwa njia ya intaneti. Kaka yangu ndiye mwenyekiti, nami wakati wa likizo huwa mwandishi wa matokeo. Wanachama walikuwa 40, na matokeo yalikuwa yakipotea kila siku katika mazungumzo ya WhatsApp. Basi tuliafikiana tuwe na tovuti yenye ratiba, msimamo wa ligi, na mahali pa wanachama kujiandikisha. Tulichanga shilingi 5,000 kila mtu, zikapatikana 200,000, tukampa fundi mmoja fedha zote siku ya kwanza, bila karatasi yoyote.

Tovuti ilipatikana, tena ilikuwa nzuri. Lakini mwaka ulipotimia ilizimika, na simu ya fundi haikupatikana. Tulipouliza tuliambiwa kwamba jina la tovuti si letu, liliandikishwa kwa jina la fundi. Matokeo ya mwaka mzima yakapotea. Lililotuumiza zaidi ni kwamba baadhi ya wanachama walianza kunong'ona kuwa kaka yangu amekula fedha zao.

Baba yetu ni mwashi, na mambo ya kompyuta hayajui. Hata hivyo, alipotusikia tukibishana aliuliza swali moja tu: "Wanangu, hati ya kiwanja mliandikisha kwa jina la nani?" Tulinyamaza. Toka siku ile nikaanza kuuliza na kusoma, nikaona kwamba kutengeneza tovuti na kujenga nyumba ni mambo yanayofanana sana.

Kwanza ni jina, ambalo ndilo kiwanja. Majina yanayoishia na .tz yako chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, nayo huuzwa na mawakala walioandikishwa. Jina halinunuliwi mara moja likawa lako milele. Hulipiwa kwa muda, kama kodi, na lisipolipiwa mtu mwingine aweza kulichukua. Kwa hiyo yapasa umoja wenyewe uliandikishe na kulilipia, kisha fundi apewe ruhusa ya kufanya kazi tu.

Pili ni seva, yaani kompyuta iwakayo usiku na mchana, ambayo ndani yake tovuti hukaa. Hii nayo ilipiwe kwa akaunti ya umoja. Nakala ya akiba ya matokeo iwekwe mahali pengine kila wiki, ili seva ikiharibika kazi isianze upya.

Tatu ni malipo. Baba halipwi fedha zote kabla msingi haujachimbwa. Hulipwa kwa msingi, kisha kuta, kisha paa. Fundi wa tovuti naye apewe sehemu ya fedha akionyesha mchoro wa kurasa, sehemu nyingine ligi ya majaribio ikichezwa bila kukwama, na iliyobaki akikabidhi msimbo na maneno yote ya siri. Nani atalipia mwaka wa pili, na nani atatengeneza kikiharibika kitu, hayo pia yaandikwe na kutiwa sahihi. Kwa kweli simlaumu fundi wetu peke yake, maana sisi hatukupatana naye lolote juu ya mwaka wa pili.

Nne ni siri za wanachama. Mwaka 2009 kampuni ya Marekani iitwayo RockYou, iliyokuwa ikitengeneza michezo ya mitandao ya kijamii, iliibiwa maneno ya siri ya akaunti zaidi ya milioni 32, kwa sababu yalihifadhiwa wazi kama yalivyoandikwa. Mwaka 2012 ilikubali kulipa dola 250,000, baada ya serikali kuishtaki kwamba pia ilikusanya habari za watoto bila idhini ya wazazi.

Fundi mwema hahifadhi neno la siri lenyewe. Hulisaga kwanza, kama mahindi yasagwavyo kinuni, na unga hauwezi kurudi kuwa punje. Mwanachama akiingia, neno aliloandika husagwa vilevile, na unga wa leo hulinganishwa na ule wa zamani. Mwizi akiingia ghalani hukuta unga tu. Muulize fundi kama hufanya hivi kabla hujampa kazi. Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, nayo humtaka anayekusanya habari za watu azilinde. Umoja wa vijana nao usidhani kwamba michezo si jambo la sheria.

Likizo iliyopita tulichanga tena, ingawa waliokubali walikuwa 23 tu. Safari hii jina ni la umoja, na fundi mpya amekwisha lipwa sehemu ya kwanza. Mapatano yetu yamejaza kurasa mbili. Kaka ametia sahihi, fundi ametia sahihi, na mahali pa shahidi pana jina la baba.